Upande wa Pili wa Santuri

Zipora aliisikia sauti yake mwenyewe kabla hajatua mzigo. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia gulioni Same, debe la maharage kichwani, shingo imekakamaa kwa mteremko wote wa kutoka Vudee, macho yanatafuta kivuli. Sauti ilitoka barazani kwa Chande mwenye duka. Ilikuwa nyembamba kidogo kuliko alivyoizoea, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, lakini ilikuwa yake. Ikaimba:

Baragumu limelia, Asheri yu wapi?
Asheri ana homa, homa ya jembe.
Maji yamefika, Asheri yu wapi?
Asheri kapona, kabeba debe.

Baraza lilikuwa limejaa. Wachukuzi wa stesheni, wauza ndizi, Wamasai wawili waliokuja na ngozi zao, wote walikuwa wameizunguka gramafoni. Kila ilipofika "Asheri yu wapi" walijibu kwa pamoja, "Ana homa," kisha kicheko. Mwanahalima, mwenye mgahawa wa pembeni, alisimama na birika mkononi anacheza mabega huku wateja wake wanangoja chai.

"Dada, njoo usikie," alimwita Zipora. "Huu ndio wimbo wa mji siku hizi. Huyo Asheri, maskini, hata makuli wa treni wanamjua."

"Anaimba nani?" Zipora aliuliza, wala hakujua kwa nini ameuliza.

"Danieli. Imeandikwa pale kwenye karatasi ya katikati: Danieli na Gita Lake."

"Danieli ana sauti ya kike?"

Mwanahalima akacheka. "Basi ni mkewe, au dada yake, nani ajuaye. Wewe cheza, hujalipishwa."

Zipora hakucheza. Aliacha debe la maharage njiani, jambo ambalo mwanamke wa mlimani hafanyi hata akiitwa na Bwana Shauri wa bomani, akapenya katikati ya watu mpaka mezani kwa Chande.

"Bwana Chande, habari za hapa."

"Njema, mama. Unataka chumvi?"

"Nataka uizime hiyo."

Chande alimtazama juu ya miwani. "Niizime? Hii ndiyo inayoniletea watu."

"Basi lile jina. Jina lililomo haliwezi kutolewa?"

Chande hakuwa mtu mbaya. Wimbo ulipokwisha aliiinua santuri, akamwonyesha. "Tazama hii mistari. Hii ndiyo sauti. Ukikwangua jina, umekwangua gita, umekwangua kila kitu. Hapa hakuna kufuta."

Zipora alinyoosha kidole akagusa ukingo. Chande akaichukua taratibu, akapangusa pale kidole kilipogusa kwa kitambaa cha pamba, akairudisha mahali pake.

"Unazo nyingi?"

"Zimebaki nne. Kasha zima limekwisha, nimeagiza lingine. Moshi wanazo, Tanga wanazo. Mombasa sijui, lakini Mombasa wakipenda kitu hawakiachi."

Zipora akarudi kwenye maharage yake. Aliyauza kwa mtu wa kwanza aliyeuliza, kwa bei aliyotaka mnunuzi, akageuka kuupanda mlima. Chumvi hakununua. Mafuta ya taa hakununua. Alikwenda mbio kiasi kwamba wanawake aliowakuta njiani walimuuliza kama kuna msiba, naye akawajibu, "Bado."

Sasa, msomaji ambaye hakuzaliwa milimani atauliza: wimbo tu, kuna nini hapo? Subiri kidogo, mwenzangu.

Upareni maji hayaji yenyewe. Kijito hukingwa usiku katika ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo, asubuhi likafunguliwa na kila shamba likapata zamu yake. Ndiva ikipasuka, baragumu hulia kilimani, na huo ndio msaragambo: kila mwenye mikono hutoka kwenda kuiziba. Asiyetoka hulipa mbuzi. Lakini kabla ya mbuzi huja wimbo. Wanawake wanapopokezana mawe na matope, mwimbishaji humtungia mtoro kwa jina lake kamili, na hapo hakuna adabu, mtu huchambuliwa mpaka ukoo mzima unatamani ardhi ipasuke. Mtoro akileta mbuzi, akaliwa palepale ukingoni, mwimbishaji huchota maji ya ndiva kinywani, akayapuliza chini, akasema, "Umekwisha." Hapo wimbo umefungwa. Hauimbwi tena, hata na mtoto machungani, na atakayeufungua atalipa yeye. Ndivyo watu wanavyoweza kuaibishana mwaka huu na kuoana mwaka ujao.

Zipora alikuwa mwimbishaji wa ndiva yao tangu alipokuwa na mtoto mmoja mgongoni. Wimbo wa Asheri aliutunga yeye, wiki ile ndiva ilipopasuka wakati wa vuli na Asheri asionekane. Asheri alileta mbuzi, dume lenye afya, na Zipora akapuliza maji kwa kinywa chake. Baadaye Asheri huyohuyo akamtuma mshenga kumposea mwanawe Lukasi. Binti aliyeposwa ni Lea, mtoto wa Zipora. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja.

*

Danieli, mumewe, alikuwa amekaa mlangoni anakaza nyuzi za gita. Aliposikia habari, uso wake ulichanua.

"Barazani kwa Chande? Watu wengi?"

"Danieli, nimesema wanalitaja jina la Asheri."

"Nimesikia. Nakuuliza, upande wangu hawakuupiga? Ule wa treni?"

Zipora aliketi, akasimama, akachukua ufagio, akafagia palipokwisha kufagiwa. "Wanaupiga upande wa pili. Upande wangu. Na karatasi imeandikwa jina lako."

Danieli akashughulika na nyuzi. "Walitaka jina moja. Kwani mimi na wewe ni wawili?"

Basi ngoja tueleze ilivyokuwa. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla. Lori la kampuni ya santuri lilitoka Nairobi likapiga kambi karibu na stesheni ya Same, na habari ikapanda mlimani kwamba Mzungu ananasa sauti na analipa. Danieli, aliyejifunza gita alipokuwa kibarua wa mkonge Korogwe, aliteremka, na Zipora akateremka naye kumbebea makande. Ndani ya hema lililotundikwa mablanketi ili upepo usiingie, Danieli aliimba wimbo wake wa treni, na Mzungu akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaimba wa pili. Karani wa kampuni, kijana mwenye tai aitwaye Sefania, akamkata katikati.

"Huo ni wimbo wa kanisani umevalishwa suruali. Leta mwingine. Santuri ina pande mbili, bwana, hatuwezi kuuza sahani yenye upande mmoja."

Danieli hakuwa na mwingine. Jasho lilimtoka. Nje walikuwapo watu wengine na magita yao, wanachungulia. Sefania akamwona Zipora mlangoni mwa hema na chungu chake.

"Mama, wewe huimbi?"

"Mimi huimba kwenye matope."

"Tuimbie hayo ya matope. Lakini kwa Kiswahili, ili hata wa pwani wasikie."

Na hapa tusimsingizie mwanamke huyu kwamba hakufikiri. Alifikiri. Wimbo uliomjia ulimi ukiwa tayari ulikuwa ule wa Asheri, maana ndio uliokuwa mtamu kuliko zote alizowahi kutunga. Akajaribu kuweka "fulani" mahali pa jina, wimbo ukachechemea, kwa sababu jina ndilo nguzo yake. Akajiambia: umefungwa ndivani, na hapa si ndivani. Hapa hakuna Mpare wa kwetu, ila Mzungu na chuma chake. Nitauimba mara moja, nifunge kinywa, utakuwa umekwenda na upepo. Kwake yeye wimbo ulikuwa kitu kinachoishi kinywani mwa mtu, kinywa kikifumba umekwisha. Kwa nini afikiri vingine? Hakuna aliyemwambia. Akauimba huku Danieli anamfuata na gita, na Mzungu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka, akacheka. Walilipwa papo hapo, mara moja kwa siku zote, na pesa ile ndiyo iliyonunua kitambaa cheupe na viatu vya harusi vya Lea.

"Heri ningejikwaa kidole," Zipora alisema, ufagio bado mkononi. "Kidole kingepona."

"Unajitia hofu bure. Asheri ni mtu mzima, atacheka na wenzake."

"Wewe unamjua Asheri kucheka?"

Lea alitoka ndani. Alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe, sindano imening'inia kwenye uzi. Alikuwa amesikia yote, maana nyumba ile haikuwa na siri.

"Mama," alisema, "Jumapili ya tatu ni kesho kutwa."

Zipora akaanza tena kufagia.

*

Jumapili ile mwalimu wa kanisa alisoma matangazo ya watu wengine, akakunja karatasi, akatoa wimbo wa zaburi. Jina la Lea halikusomwa. Vichwa viligeuka kimoja kimoja, kwa adabu, kila mmoja akijifanya anatafuta kitabu cha nyimbo kwenye benchi la nyuma. Lea aliinama akatazama viatu vyake. Zipora alitaka kusimama atoke, akakaa, akataka tena.

Jioni alikuja Anaeli, mshenga, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Alikaribishwa makande akasema ameshiba. Mgeni wa Kipare anayekataa makande amekuja na neno zito, kwa hiyo Zipora aliondoa sahani bila kumbembeleza.

"Shikamoo, Mzee Anaeli," Lea alisalimu.

"Marahaba, binti yangu. Hebu katusaidie kuni." Lea alipotoka, Anaeli akaweka kofia gotini. "Nimetumwa. Asheri amemwambia mwalimu asisome."

"Amesema imevunjika?" Danieli aliuliza.

"Amesema asisome. Amekwenda bomani wiki iliyopita kulipa kodi. Watu kwenye mstari, wengi, wa kutoka kote, Lembeni, Gonja, mpaka wa Jipe. Karani akaita, 'Asheri.' Na mstari mzima ukajibu, 'Ana homa.' Mzee mzima, kofia mkononi. Karani naye anacheka mpaka anaangusha kalamu. Wakamwambia aimbe kidogo ndipo apewe stakabadhi."

"Akaimba?" Zipora aliuliza.

"Alisimama tu. Alisimama mpaka wakachoka wakampa." Anaeli alisugua kofia kwa kiganja. "Ananiambia, 'Anaeli, watu wasionijua wananicheka. Watu wa kwetu wakinicheka najua watakoma lini. Hawa watakoma lini?'"

"Nitaiandikia kampuni," Danieli alisema. "Nitawaambia waivunje ile mashine."

"Andika," Zipora alisema, kwa namna ambayo Danieli alilitafuna neno lile usiku kucha.

Usingizi wa mwanamke yule ulikuwa umekwisha kabisa. Mchana alianza kupalilia mstari mmoja, akauacha nusu akaanza mwingine. Aliweka maji motoni akayasahau mpaka chungu kikakauka. Lea alimkuta amesimama katikati ya migomba, midomo inacheza bila sauti.

"Mama, usipoweza kwenda kwa Mzee Asheri, nitakwenda mwenyewe."

"Binti hajiendei ukweni kujiombea ndoa. Unataka kunimaliza?"

"Nataka kuolewa na Lukasi," Lea alisema. "Sitaki kitu kingine."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililomwumiza mama yake. Zipora alikwenda zizini, akafungua mbuzi mkubwa kuliko wote.

*

Walikwenda watatu: Anaeli mbele kwa sababu ni mshenga, Zipora katikati, na Danieli nyuma anavuta mbuzi. Mbuzi hakutaka safari. Danieli huyo ndiye mwimbaji aliyeandikwa jina lake kwenye santuri mpaka Mombasa, anapigwa kumbo na mbuzi kwenye njia nyembamba, na watoto wa jirani wanamwangalia.

Asheri alikuwa anapogoa mibuni. Aliwaona tangu walipovuka mfereji, akaendelea na mbuni mpaka alipoumaliza, akahamia wa pili, akaumaliza nao. Waliachwa wamesimama uani. Mwanawe Lukasi alileta viti viwili, akaona ni watatu, akarudi ndani akakosa cha tatu, akabaki amesimama na aibu yake mlangoni.

"Shikamoo, Baba Lukasi," Zipora alisema Asheri alipofika.

"Marahaba."

"Nimefungua wimbo uliofungwa. Nimeleta mbuzi."

Asheri alimtazama mbuzi. "Sheria inasema aliwe ndivani, kisha mwimbishaji apulize maji, aufunge tena. Huu utaufunga vipi, Mama Lea?"

Zipora alikaza kitenge chake kiunoni.

"Utapanda treni uende Mombasa ukapulize maji mlango kwa mlango? Nakuuliza kweli, sikutanii. Kama kuna njia nionyeshe, nitakulipia nauli."

"Hakuna njia," Zipora alisema. "Nimemuuliza Chande. Haifutiki."

"Na homa ilikuwa ya kweli." Asheri aliketi. Sauti yake haikupanda. "Siku ile nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Muulize huyu Lukasi, alinifunika ngozi ya ng'ombe. Sikusema. Mtu aliyeitwa na baragumu hatoi sababu, hutoa mbuzi. Nikatoa, mkala, mkashiba, ukasema umekwisha. Nilikuamini."

Zipora alijua kuaibisha watu, ndiyo ilikuwa kazi yake na alikuwa hodari. Hakuwa amewahi kukaa upande huu. Damu ilimpanda usoni, masikio yakamwaka, na miguu ikataka kuondoka yenyewe. Aliishikilia pale pale.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua kuhusu homa. Hata ningejua, nisingepaswa kuuimba tena. Nilidhani utapita."

"Baba," Lukasi alisema kutoka mlangoni, "mimi namtaka Lea."

"Nani amesema humtaki?" Asheri alimjibu bila kugeuka. Mbuzi akaanza kula jani la mbuni na Danieli akamvuta. Asheri akapitisha kiganja usoni. "Sitaki mbuzi. Wimbo huu ulishaliwa mbuzi mmoja, wa pili atanikwama. Nataka kitu kimoja. Tangu leo usitaje jina la mtu katika wimbo. La kuaibisha wala la kusifu. Popote."

"Popote?"

"Popote. Siku nitakayosikia jina la mtu limo ndani ya wimbo kinywani mwako, udugu wetu umekufa, na binti yako atarudi kwako. Nimeshatajwa vya kutosha. Sitaki kuishi na hofu kila ukisafisha koo."

Danieli alishusha pumzi nusura acheke. Kumbe ni hilo tu? Hata Anaeli alilegea. Zipora alikubali kabla Asheri hajafumba kinywa, kwa haraka ya mtu aliyetupiwa kamba akiwa ndani ya maji. Anaeli akawaombea hapo hapo uani, akamtaja Mungu kuwa shahidi, wote wakasema amina. Walipewa uji. Mbuzi akarudi nyumbani kwa mbio, akimburura Danieli.

*

Matangazo yakasomwa. Siku ikapangwa. Nyumba ya Zipora ikajaa shangazi na wake wa ukoo, mahindi yakatwangwa, maharage yakachambuliwa. Zipora alianza tena kula. Ilikuwa siku ya kutwanga ya mwisho, yeye na shemeji yake Dorkas wanapokezana mchi kwenye kinu kimoja, Dorkas aliposema, "Koo lako likoje? Jumamosi utamwita Lea, usije ukatutia aibu na mafua."

Mchi wa Zipora ukabaki hewani.

Mama wa Kipare hamtoi binti yake uani kimya. Wakwe wakishafika kumchukua, mama husimama kizingitini akaimba wimbo wa kumtoa, na katika wimbo ule kuna mahali patatu pa kuita jina la binti. Aliyeitwa ameruhusiwa. Asiyeitwa ametoka kama mtoro, na hata akizaa watoto kumi, siku ya ugomvi ataambiwa kwamba kwao hawakumtoa. Wala kwao binti hakuna wa kuiba nafasi hiyo mama akiwa hai, awe shangazi, awe dada. Wakristo walikuwa wamebadilisha maneno mengi ya wimbo huo, wakatia Bwana Yesu na malaika, lakini mahali patatu walipaacha vilevile.

"Una nini?" Dorkas aliuliza.

"Pumba imeniingia jichoni."

Alimwambia Danieli peke yake, nyuma ya zizi. Danieli alitazama kama kuna anayewasikia. "Nenda umwambie Asheri. Hakuwa na maana hiyo. Atakuelewa."

"Niende kwake mara ngapi? Nimemvunjia neno moja, sasa niende nimwombe anilegezee la pili kabla mwezi haujaisha? Atasema, huyu ndiye yule yule."

"Basi mtaje Lea. Ukishamtaja, atafanya nini mbele ya watu?"

"Atafanya alichosema. Mungu alitajwa pale, Danieli. Ulisema amina, nilikusikia."

Danieli alikwangua ardhi kwa kidole cha mguu. Zipora alirudi kwenye kinu akatwanga mpaka Dorkas akamwambia unga umeshalainika, unamtwanga nani humo ndani.

*

Jumamosi ilikuja na ukungu. Wakwe walifika mapema, wanaume wamevaa makoti, wanawake kwa vitenge vya sherehe, Asheri mbele na fimbo yake. Lukasi alikuwa anangoja kanisani. Lea alitolewa ndani akiwa katika kitambaa cheupe, viatu vipya vinambana, shangazi wawili mikononi. Alikuwa mzuri. Zipora alimtazama akasahau kila kitu, kisha akakumbuka kila kitu.

Alisimama kizingitini. Uani pakanyamaza, kwa sababu watu wa pande zote mbili walikuwa wanangoja sauti ile, na wengine, tuseme ukweli, walikuja kumsikiliza mwanamke wa santuri zaidi ya kuja harusini. Akaanza. Sauti ilitoka nzuri. Aliimba juu ya umande na njia, juu ya mtoto aliyebebwa akiwa mwepesi na anayeondoka akiwa mzito, wanawake wakamwitikia taratibu, miguu inapiga pamoja. Wimbo ukapanda mpaka mahali pa kwanza.

Zipora akafumba kinywa.

Wanawake walingoja. Palibaki kimya chenye urefu wa jina moja, kisha akaendelea na ubeti wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Dorkas alimtupia jicho. Watu wakadhani amezidiwa na machozi, jambo la kawaida. Wakaitikia, wimbo ukapanda tena, ukafika mahali pa pili, na Zipora akafumba kinywa tena. Sasa minong'ono ikaanza.

"Hamtaji."

"Amemkatalia?"

"Si ilisemwa walipatana?"

Lea aligeuka. Kutogeuka ndiyo desturi, lakini aligeuka, shangazi hawakuweza kumzuia. "Mama," alisema, si kwa sauti, "nimekukosea nini?"

Zipora hakuweza kumjibu, kwa kuwa mwimbaji hasemi katikati ya wimbo, na angesema nini? Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Akaanza ubeti wa tatu. Aliuimba polepole, aliuvuta kila neno, kama mtu anayekwenda mahali asipotaka kufika. Akamtazama Asheri. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kwa sababu hakuweza tena kumtazama mtoto wake.

Asheri alikuwa ameinamisha kichwa tangu mahali pa kwanza. Alikuwa ameelewa, hilo lilionekana. Mkono wake ulikuwa unazungusha fimbo, unazungusha, unaacha. Kwetu baba mkwe hatamki jina la mke wa mwanawe. Humwita binti wa fulani, baadaye mama wa fulani, na mzee anayelitamka mbele za watu amejivua nguo.

Wimbo ukafika mahali pa tatu, Zipora akafumba kinywa, na kimya kikaingia. Ndipo ikasikika sauti ya kiume, kavu, isiyojua kuimba, imechelewa na imekosa mapigo.

"Lea."

Uwanja mzima ulimgeukia Asheri. Mtu mmoja kule nyuma akaangua kicheko, akafuata wa pili, kisha kicheko kikawakumba wote, wa kwao na wa kwetu, kama kile cha bomani. Asheri alisimama ndani yake, shingo imemwiva, fimbo imetulia. Aliwatazama wanaomcheka. Akakumbuka kwamba ni lazima jina liitwe mara tatu, akasafisha koo, akaita tena.